Chatu wa mwanangu anajichubua pua kila mara: tufanye nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa Kizanzibari, tunaishi Leicester, Uingereza. Mwanangu wa miaka 14 anafuga chatu dume, yule mdogo wa Afrika Magharibi anayejikunja kama mpira akiogopa. Jina lake Karafuu, ana miaka minne hivi na urefu wa sentimita 110. Februari alijichubua pua mpaka damu ikatoka. Tukampaka dawa, akajivua gamba, akapona. Juni ikarudi. Sasa Novemba ni mara ya tatu, na kidonda kimezidi. Tena wiki iliyopita alijing'ata mwenyewe ubavuni wakati wa kula. Anakaa kwenye tangi la kioo la sentimita 90 lenye kifuniko cha wavu. Chini ya tangi kuna mkeka wa joto, ndani mna bakuli la maji na pango moja. Tangi liko chumbani kwa watoto, karibu na kizimba cha hamsta (mnyama mdogo wa jamii ya panya) wa binti yangu, tuliyemnunulia siku yake ya kuzaliwa mwezi wa Juni. Siku chatu alipojing'ata, mwanangu alikuwa ametoka kumlisha hamsta, kisha akamshikia chatu panya kwa vidole. Nakutumia picha nne. Mama yangu kule Unguja anasema nyoka anajiumiza kwa sababu hataki kukaa na watu, tumwachie aende zake. Mwanangu analia. Tusaidie, na fedha zetu si nyingi.

JIBU: Marahaba binti yangu. Picha zako nne nimeziona, lakini kilichonisaidia zaidi ni kwamba uliandika miezi. Februari, Juni, Novemba. Nitairudia hiyo miezi, kwa sababu ndani yake mna sehemu kubwa ya jibu.

Kwanza nimpe mama yako haki yake. Nyoka hana kinyongo na watu, wala hajui kuwa mnamfuga. Lakini mama ameona jambo ambalo waliowauzia dawa za kupaka hawakuliona: Karafuu anataka kutoka. Hajiumizi kwa makusudi. Anatafuta njia, na nyoka hana mikono ya kusukuma mlango wala kucha za kuchimba, ana pua. Kila anapoona upenyo anautia pua, na usipofunguka anasukuma, kisha anasogea kidogo na kusukuma tena, usiku kucha. Kidonda unachokiona asubuhi ni hesabu ya misukumo mia kadhaa. Ukikipaka dawa na kumrudisha palepale, usiku anaendelea alipoachia.

Ila shauri la kumwachia, hapana. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 ya kulinda wanyama pori inakataza kuachia nje mnyama asiye wa asili ya nchi hiyo, na hata isingekataza, chatu wa Afrika hawezi kuishi kwenye baridi ya Leicester mwezi wa Novemba. Angekufa kwa siku chache. Mwambie mama kwamba mtamfanyia kile anachokitaka bila kumtoa: mtambadilishia nyumba mpaka asiwe na haja ya kutoka.

Nilijifunza hili nikiwa kijana, kabla sijasomea udaktari wa wanyama, nilipokuwa nasafisha vizimba kwenye bustani ya nyoka pwani ya Kenya. Tulikuwa tukiletewa chatu wakubwa waliokamatwa mashambani, na ndani ya siku tatu za mwanzo wengi pua zilikuwa nyama tupu. Mzee aliyenifundisha kazi hakuanza na dawa. Alitundika gunia mbele ya kioo, akaingiza kreti lenye majani makavu, akatufukuza tusisimame pale. Wengi wao walitulia siku hiyohiyo. Miaka ya baadaye, nikiwa na cheti mkononi, nilimpaka dawa chatu mmoja kwa miezi miwili bila kugusa kizimba chake, nikiamini dawa niliyoisomea kuliko gunia la mzee. Ncha ya mdomo wake ilipona imepinda, ikabaki hivyo mpaka alipokufa. Sijamsahau, na ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Tatizo la kioo ni hili. Porini hakuna kitu kigumu kinachopitisha mwanga. Penye mwanga pana njia, na nyoka amekuwa akiishi kwa kanuni hiyo tangu enzi na enzi. Chatu wako ana jambo jingine pia: tazama mdomo wake wa juu, utaona vishimo vidogo vilivyopangana. Hivyo huhisi joto la kitu kilicho mbele hata gizani. Joto la aina hiyo halipenyi kwenye kioo cha kawaida. Kwa hiyo macho yanamwambia "pako wazi" na mdomo unamwambia "hapana kitu cha moto hapo mbele". Hatafahamu kamwe kuwa kile ni ukuta. Watu husema atazoea. Baadhi hutulia kweli, lakini Karafuu amekuwa na karibu mwaka mzima wa kuzoea, na umeona matokeo yake.

Sasa tusome kidonda chenyewe, maana mahali kilipo panaonyesha alikosukuma. Mchubuko wa mbele kabisa, kwenye lile gamba la ncha, hutokana na kusukuma kioo au kona. Wa upande mmoja wa mdomo hutokana na kusuguana na ukingo, hasa ule mwanya kati ya vioo viwili vya mlango wa kutelezesha, ambao nyoka wengi huutia mdomo wakidhani utafunguka. Mchubuko wa juu ya pua, wenye mistari midogo kama uliopitiwa na kikwaruzo cha muhogo, ni wa wavu. Picha yako ya tatu inaonyesha vyote viwili: ncha imekwisha na juu yake kuna mistari. Kwa hiyo Karafuu hupanda kwenye kona, husimama, husukuma wavu, huteleza, huanza tena. Kifuniko hicho ndicho kinachomchana.

Usinikubalie kwa maneno tu. Leo jioni mfute vioo vyote kwa kitambaa safi chenye maji, ndani na nje, viwe vinang'aa. Asubuhi mwanao aviangalie na tochi kwa pembeni. Ataona michirizi ya ute na unyevu pale pua ilipopita, na ataona ni upande gani na kwa urefu gani. Aichore kwenye karatasi, kila asubuhi kwa siku saba. Karibu kila mara michirizi hujazana sehemu moja: upande wa mlango, upande wa dirisha, au upande wenye harufu. Sitashangaa kama kwenu itakuwa upande wa hamsta.

Ndiyo, hamsta. Angalia Juni. Mnyama mdogo mwenye damu moto, wa ukoo wa wale ambao chatu huyu amezaliwa kuwala, amewekwa hatua chache kutoka kwenye tangi ambalo juu ni wavu mtupu unaopitisha hewa. Nyoka hunusa kwa ulimi. Hukusanya harufu na kuipeleka kwenye kiungo kilicho kwenye kaakaa. Kila anapotoa ulimi anaambiwa chakula kiko karibu, na chakula chenyewe hakifikiki. Hilo limeendelea tangu Juni bila kupumzika hata usiku mmoja. Na mfikirie hamsta pia, ambaye naye ana pua na analala jirani na anayemwinda. Watenganisheni leo, kabla ya jambo lingine lolote. Vyumba viwili tofauti, milango imefungwa, na mtoto anawe mikono kwa sabuni kila atokapo kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Februari na Novemba zina maelezo yao. Chatu dume waliokomaa, huko kaskazini mwa dunia mnakoishi, huingia kwenye majira ya kutafuta majike kuanzia kama Novemba mpaka Machi. Wengi huacha kula kwa wiki au miezi, na hutembea usiku mzima. Huo si ugonjwa, na dume mwenye uzito mzuri hahitaji kulazimishwa kula. Ila dume anayetembea ndani ya nyumba mbaya ndiye anayejichubua. Watafiti waliochunguza chatu hawa misituni kusini-mashariki mwa Nigeria, waliochapisha kazi yao mwaka 1998, waliona kwamba madume hula ndege zaidi kuliko majike. Maana yake dume hupanda. Wafugaji wengi huambiwa kwamba huyu ni nyoka wa shimoni tu, asiyetaka nafasi wala matawi. Mchana yumo shimoni kweli, kwenye mapango ya panya na vichuguu vya mchwa. Usiku ni mtu mwingine kabisa.

Mji wa Ouidah, Benin, una hekalu ambamo chatu wa aina hiihii hutunzwa na kuheshimiwa. Huachiwa kutoka usiku, na wenyeji wakimkuta mmoja nyumbani humrudisha kwa adabu. Naitaja ili mwanao ajue kuwa mnyama wake ana watu wanaomheshimu, na kwamba walioishi naye karne kwa karne wameona kuwa usiku lazima atembee.

Joto sasa. Hukuandika kama mkeka una kidhibiti joto, na picha ya nne inaonyesha waya unaokwenda moja kwa moja ukutani. Kama hakuna kidhibiti, mkeka ukiwa chini ya kioo na tandiko juu yake unaweza kupita nyuzi 40. Nyoka hana hisia nzuri ya kumwondoa tumbo linapoungua polepole. Nimetibu waliolala juu ya moto mpaka magamba ya tumbo yakageuka kahawia. Wengine hufanya kinyume, hukimbia, na katika tangi la sentimita 90 pa kukimbilia hapapo, hivyo hupanda ukutani. Upande wa pili wa tangi nao, usiku wa baridi mkizima mitambo ya kupasha nyumba, unaweza kushuka mno. Nyoka aliyebanwa kati ya moto na baridi hutafuta mlango.

Mnahitaji uso wa sehemu ya moto uwe nyuzi 31 hadi 32, upande wa baridi nyuzi 24 hadi 26, na unyevu kama asilimia 60, uongezeke kidogo anapokaribia kujivua gamba. Kidhibiti joto chenye kihisi kilichobanwa juu ya mkeka bei yake ni ndogo kuliko kumwona daktari mara moja. Vile vipimajoto vya kubandika kwenye kioo husoma joto la kioo. Nunueni cha dijitali chenye waya, au kile cha bastola kinachopima kwa mbali. Mpaka kidhibiti kifike, uzimeni mkeka kabisa, mchana na usiku, mkakipashe moto chumba chenyewe.

Kuhusu kidonda. Kwa kiasi nilichokiona, mfupa haujatokea na mdomo unafunga, kwa hiyo mna nafasi. Mhamishieni kwenye sanduku la plastiki lisilopitisha mwanga, lenye kuta laini na matundu madogo ya hewa yaliyotobolewa kutoka ndani kwenda nje, ili ncha kali zibaki nje. Chini tandikeni karatasi za jikoni, mzibadilishe kila siku. Wekeni maficho mawili ya kumbana vizuri, na bakuli la maji zito. Sanduku lipate joto la nyuzi 30 hivi upande mmoja, kwa kidhibiti. Hakuna kioo, hakuna wavu. Hiyo peke yake ni nusu ya matibabu.

Mara moja kwa siku mmsafishe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, gramu 9 za chumvi kwa lita moja, kwa kipande cha shashi, bila kukwangua. Kisha povidoni ayodini iliyoongezwa maji mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi nyepesi, ile ambayo unaona chini ya kikombe. Isiingie mdomoni wala kwenye matundu ya pua. Mkiwa na krimu ya silva salfadiazini mliyoandikiwa na daktari, pakeni utando mwembamba tu. Vile vishimo vya mdomo na pua visizibwe.

Nikuombe sana: tazama tena ile tyubu mliyotumia Februari. Kama imeandikwa kuwa inaondoa maumivu, au ina dawa ya ganzi, yaani hizo ambazo majina yake huishia na -kaini, itupeni. Zinaweza kumdhuru nyoka vibaya. Spiriti hapana, haidrojeni peroksaidi hapana, asali na manjano hapana kwenye pua ya nyoka maana huganda na kuziba. Panado na dawa nyingine za binadamu hapana kabisa. Na msibandike utepe wa gundi popote ndani ya kizimba, hata kuziba mwanya. Nimeona nyoka aliyechunwa ngozi nzima ya ubavu kwa utepe wa plastiki.

Usaha wa nyoka hautiririki kama wa mtu. Huganda, ukawa kama jibini kavu, ukakaa pale chini ya gamba ukila. Ndiyo sababu kidonda cha nyoka kinaweza kuonekana kikavu na kizuri juu huku chini kimeoza. Mkiona uvimbe mgumu kwenye mdomo au taya, kitu cheupe au cha manjano kati ya fizi, harufu mbaya, vidoti vyekundu ndani ya mdomo, mapovu puani, mdomo usiofunga sawasawa, au tumbo likigeuka la waridi, hapo si kazi ya nyumbani. Huenda akahitaji kupasuliwa, na sindano za antibayotiki. Mojawapo inayotumika sana kwa nyoka hutolewa kila baada ya saa 72, kwa hiyo mnaweza kufundishwa kuichoma wenyewe mkaokoa nauli. Na hata bila dalili hizo, kwa kuwa hii ni mara ya tatu, ningependa daktari amwangalie mdomo mara moja na amtafute utitiri wa nyoka. Hao ni wadogo kama punje ya pilipili manga iliyosagwa, hukaa pembeni mwa macho na chini ya kidevu, na nyoka hujisugua kwa sababu yao. Mpitishieni karatasi nyeupe yenye unyevu mwilini. Ikitoka na vidoti vyeusi vinavyotembea, mmewapata.

Mkipiga simu hospitali ya wanyama, msiulize kama wanatibu nyoka. Watasema ndiyo. Ulizeni daktari gani anawaona, na wangapi kwa mwezi. Siku ya kwenda, mtieni kwenye foronya iliyofungwa fundo, foronya ndani ya sanduku, pembeni chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo. Safari ya dakika 20 kwenye baridi inatosha kumrudisha nyuma.

Kupona kutachukua muda, mwanao aambiwe mapema asikate tamaa. Mchubuko mwepesi hutaka wiki sita hivi; ulioingia ndani kama huu hutaka miezi, na mara nyingi nyoka hujivua gamba mara mbili au tatu kabla umbo halijarudi. Nyoka hupona kwa kasi ya joto lake. Akiwa baridi, mwili haujengi. Kovu litabaki. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ule mfereji mdogo katikati ya mdomo wa juu ambao ulimi hupitia bila mdomo kufunguka. Ukiharibika, mdomo huwa na upenyo wa kudumu, hukauka, na maambukizi hupata mlango. Karafuu bado anao. Ndiyo maana mara ya nne isitokee.

Kule kujing'ata kuna sababu yake tofauti, ingawa hamsta anahusika tena. Uliandika kuwa mtoto alikuwa ametoka kumlisha hamsta kisha akamshikia chatu panya kwa vidole. Panya aliburutwa juu ya mwili wa Karafuu, harufu ikakaa ubavuni, chumba kizima kikanuka panya, na chatu aliyechangamka akashika kile kilichonuka karibu zaidi. Hutokea. Mara moja, wakati wa kula, haimaanishi ana wazimu wala ugonjwa wa ubongo. Panya aliyegandishwa ayeyushwe vizuri, akaushwe, apashwe mpaka kama nyuzi 38 ili vishimo vya mdomo vimwone, na ashikwe kwa koleo refu la sentimita 30, mbele ya uso, bila kumgusa nyoka mwilini. Mwanao anawe kwanza. Kwa sasa asile wiki mbili, maana kila akishambulia atapasua kidonda. Baadaye mpeni panya mdogo kuliko kawaida, mkamlaza mlangoni mwa maficho usiku.

Akijing'ata tena na kushikilia, msimvute. Meno yake yamepinda kwenda nyuma kama ndoana, ukivuta yanavunjika na ngozi inachanika. Mmwagie maji ya baridi kichwani taratibu. Mara nyingi huachia. Asipoachia, sukuma kichwa kidogo kuelekea mbele, kule anakong'ata, ili meno yachomoke, halafu inua. Lakini akijing'ata bila kuwepo chakula, au mkimwona anageuza kichwa kuangalia juu kama anayehesabu nyota, anashindwa kujigeuza akilazwa chali, au kichwa kinatetemeka, huyo apelekwe haraka. Joto kupita kiasi huweza kumfanya nyoka achanganyikiwe hivyo. Kuna virusi vinavyoshambulia ubongo wa chatu. Na kuna wale wa rangi iitwayo "buibui", wanaozalishwa kwa kuteuliwa, ambao huzaliwa na kasoro ya sikio la ndani na wengi hushindwa kulenga vizuri. Kwa picha zako Karafuu si wa rangi hiyo.

Sasa nyumba yenyewe. Kwa chatu wa sentimita 110 nisingekubali chini ya sentimita 120 kwa 60 kwa 60. Aweze kujinyoosha mwili mzima ubavuni mwa ukuta. Ya mbao, mlango wa mbele, na kuta tatu zisizopitisha mwanga. Zilizotumika zinauzwa kwa bei ndogo, ila zisafishwe kwa dawa ya kuua vijidudu na kuachwa wiki zikauke. Ndani jazeni. Hili ndilo watu hukosea: hununua nyumba kubwa wakaiacha tupu, na nyoka akawa na uwanja mpana zaidi wa kuogopa. Awe na maficho pande zote mbili, ya moto na ya baridi, yanayomgusa mgongo akijikunja. Magome ya miti, majani ya plastiki mengi, matawi mawili manene yaliyofungwa imara ili apande apendavyo. Tandiko la kina cha sentimita 8, na huko Uingereza mtapata makumbi ya nazi yaliyosagwa na kukandamizwa kama matofali. Ndiyo, makumbi yaleyale yanayofukiwa ufukweni Unguja ili yasukwe kamba. Yanashika unyevu bila kuoza haraka. Mwanao atakapoyaloweka, naamini wewe utaitambua harufu hiyo kabla yake.

Kioo cha mbele kizibwe kwa nje, theluthi ya chini, kwa karatasi au kitambaa cheusi, kwa miezi miwili ya kwanza. Mlango ukiwa wa kutelezesha, mwanya wa katikati uzibwe kwa kipande cha mpira laini kilichobanwa, bila gundi. Na kizimba kisikae karibu na dirisha wala spika ya muziki.

Fedha si nyingi, umesema, kwa hiyo huu ndio mpangilio wangu. Leo usiku, bila senti: hamsta atoke, wavu ufunikwe kwa ubao laini wenye nafasi ya hewa mpaka sanduku lipatikane, kanga au shuka litundikwe pande tatu za tangi, na boksi la viatu lililokatwa mlango liwe pango la pili. Wiki hii: kidhibiti joto, kipimajoto, sanduku la plastiki. Daktari kabla ya mwisho wa mwezi. Nyumba kubwa inaweza kungoja hadi kidonda kifunge, na afadhali ingoje, kwa sababu kumhamishia humo akiwa na kidonda kibichi kutamfanya achunguze kila kona kwa pua hiyohiyo.

Kumtoa nje jioni kwa nusu saa akiangaliwa kunamfaa, lakini si sasa. Akipona, mara mbili au tatu kwa wiki, asiwe ameshiba, wala macho yasiwe yameingia ukungu wa kukaribia kujivua gamba.

Akijivua gamba safari hii, msimsaidie kubandua hata kama limekwama puani. Mpeni boksi lenye taulo lililoloweshwa maji ya vuguvugu, alale humo. Likitoka, mwanao alitandaze mezani likiwa bado laini, atafute sehemu ya kichwa. Atayaona macho mawili kama miwani, na mbele yake ile ncha. Kama kipande cha pua kimetoka kimekatika na kina tundu, apige picha aniletee. Kama kimetoka kizima, hata kikiwa na kasoro, aniletee pia, na anitajie uzito wa Karafuu siku hiyo.